Maswali na Majibu: Panya wa Kufuga Waliookolewa

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu panya wa kufuga: yule mweupe mwenye macho mekundu wa maabara, na ndugu zake wenye madoa wanaozalishwa wawe chakula cha nyoka. Wote ni jamii moja, Rattus norvegicus, na huishi miaka 2 hadi 3 tu. Kwa mnyama wa umri huo, mwezi mmoja wa kubahatisha ni sehemu kubwa ya maisha yake. Tumejibu kwa urefu pale ambapo wengi hukosea.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mradi wa mwenzangu umekwisha, na panya weupe wanne ambao hawakutumika walikuwa wauawe, nikaruhusiwa kuwachukua. Wako kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Anza kwa kuwauliza waliokupa mambo mawili. Je, ni kweli hawakudungwa wala kulishwa kitu chochote cha utafiti? Jibu hilo lipate kwa maandishi kutoka kwa msimamizi wa maabara, maana panya aliyeambukizwa vimelea kwa ajili ya utafiti hatolewi nje kwa huruma ya mtu yeyote. Pili, je, madume na majike walikaa pamoja? Jibu la pili litakuambia kama una panya wanne au arobaini.

Jike hupevuka akiwa na wiki 5 au 6. Huwa na joto kila baada ya siku 4 au 5, mimba huchukua siku 21 hadi 23, na huzaa watoto 6 hadi 12, mara nyingine zaidi. Ndani ya siku moja baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine. Kwa hiyo watenganishe leo, kabla ya kufikiria chakula wala majina. Dume mkubwa hana siri, mapumbu yake yanaonekana wazi. Kwa wadogo, tazama nafasi kati ya tundu la mkojo na la haja kubwa: ya dume ni karibu maradufu ya jike. Jike ana chuchu 12 zinazoonekana manyoya yakiwa bado mafupi. Ukipata dume mmoja na majike watatu, usimfungie dume peke yake maisha yake yote, kwa sababu panya asiye na mwenzake hudhoofika na kuacha kucheza. Mhasi kwa daktari wa mifugo, ungoje wiki 4 mbegu zilizobaki ziishe, ndipo umrudishe kwa wenzake.

Mwinue kwa mikono miwili, kifua kwenye kiganja kimoja na makalio kwenye kingine. Usimshike kwa mkia. Ngozi ya mkia huvuliwa kama soksi, na mfupa uliobaki wazi hautafunikwa tena.

Ndoo iacheni. Hewa haipiti, na mvuke wa mkojo hukaa chini walipo wao. Panya wanne wanahitaji kizimba chenye urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 100, chenye dari mbili au tatu za kupanda. Fundi atakutengenezea kwa fremu ya chuma na wavu uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi. Usikubali wavu wa kuku wa pembe sita: waya wake ni mwembamba, hutafunwa kwa usiku mmoja, na panya mdogo huchomoza kichwa akanasa. Sakafu iwe bati au plastiki ngumu. Kukanyaga waya mchana na usiku huwatoa vidonda vya nyayo visivyopona upesi. Mbao tupu hunywa mkojo na kunuka ndani ya mwezi. Mlango ufungwe kwa kulabu, kwani kitasa cha kusukuma watakijua wenyewe.

Panya weupe macho yao huumizwa na mwanga mkali, basi kizimba kikae mbali na dirisha, na kila panya awe na boksi la kujificha. Ukimwona anayumbisha kichwa huku na huku, usiogope. Anapima umbali kwa sababu haoni vizuri.

Siku tatu za mwanzo weka maji na chakula, ongea nao kwa sauti ya chini, usiwashike. Siku ya nne tia mtindi kwenye ncha ya kijiko. Kijiko ni bora kuliko kidole, maana hawezi kukimbia nacho, atalamba akiwa mbele yako. Wengi huja wenyewe mkononi ndani ya wiki mbili. Panya wa maabara aliyekuwa akishikwa kwa upole huja haraka zaidi. Aliyezoea kushikwa ili achomwe sindano humchukua muda, na ana haki.

Hamjambo. Nimepewa panya wawili na mtu aliyehama. Naweka maranda mapya kutoka kwa seremala kila wiki, lakini wanapiga chafya na wanatokwa damu machoni na puani. (Msomaji, Nairobi)

Hatujambo. Hiyo mara nyingi si damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa ute mwekundu uitwao porifirini. Panya mzima huupangusa anapojisafisha, wala huuoni. Akiwa mgonjwa, ana hofu au ana maumivu, ute huzidi na yeye hana hamu ya kujisafisha, hivyo hukauka. Kama una shaka, chukua pamba uliyomfutia uende gizani, uimulike kwa ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Porifirini hung'aa rangi ya waridi, damu haing'ai.

Ute huo ni king'ora tu, moto uko kwenye maranda. Maseremala wengi hutumia msindano, mbao za saipresi na pengine mtarakwa. Miti hii ina mafuta yenye harufu tunayoipenda sisi, lakini humwasha panya njia ya hewa na kulichosha ini lake. Mtarakwa ni mbaya zaidi. Isitoshe, mbao nyingine zimepakwa dawa ya mchwa, na vumbi la randa peke yake latosha kuwapigisha chafya. Makapi ya mpunga nayo hayafai: yana vumbi, yanachoma, na hayanyonyi mkojo.

Badala yake tumia karatasi na katoni zilizochanwa vipande vya upana wa kidole, unene wa sentimita 5. Juu yake, mahali pa kulala, weka vitambaa vya pamba kama kanga kuukuu. Kata nyuzi zote zinazoning'inia pembeni, kwani uzi mmoja ukijifunga mguuni hukata damu na mguu huoza. Ondoa kila siku karatasi za kona wanayokojolea. Badilisha zote kila baada ya siku 5 hadi 7, ila bakiza ngumi moja ya kiota cha zamani. Ukiondoa harufu yao yote, watakojoa kila mahali ili kuirudisha. Futa sakafu kwa siki iliyochanganywa na maji, siki sehemu 1 kwa maji sehemu 3. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwa sababu hutoa gesi inayoumiza mapafu yao na yako.

Wape siku kumi hivi bila maranda. Chafya zikiisha, shukuru. Zisipoisha, karibu hakika ni bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, ambaye panya wengi wa kufuga hurithi kwa mama zao na kuishi naye kimya mpaka hewa mbaya, baridi au uzee umwamshe. Weka sikio mgongoni mwa panya, nyuma ya mabega. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kama mluzi, ukiona mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au mizani ya jikoni ikionyesha amepoteza gramu 30 kati ya 300, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Akipumua kwa mdomo wazi, usingoje hata jioni.

Madaktari wanaowajua panya hutumia enrofloxacin na doxycycline kwa pamoja, kwa wiki kadhaa. Doxycycline isipewe na maziwa wala mtindi, kalsiamu huishika dawa isiingie mwilini. Ile poda ya kuku ya kutia kwenye maji haitoshi: panya asiyependa ladha yake hunywa kidogo, akakosa dawa na maji kwa pamoja. Dawa haimfukuzi bakteria huyu moja kwa moja. Inampa panya nafasi ya kupumua, na hewa safi ndiyo inayoilinda nafasi hiyo.

Tahadhari moja kwa wanaochanganya panya waliotoka sehemu tofauti: panya wa maabara zinazodhibiti magonjwa huenda hajawahi kukutana na bakteria huyu. Kila mgeni akae siku 14 katika chumba chake, ikiwezekana nyumba nyingine kabisa, kabla ya kukutanishwa.

Nawalisha panya wangu ugali na chakula cha kuku wa mayai. Wananenepa lakini manyoya yamekuwa makavu. Na joto la huku linawalaza chali. (Msomaji, Mombasa)

Chakula cha kuku wa mayai kimetiwa kalsiamu nyingi ya kutengenezea maganda ya mayai, kiasi kinachochosha figo za panya. Cha kuku wa nyama nacho mara nyingi kimechanganywa na dawa. Ugali kidogo hauna neno, ila ukiwa mlo mzima unamnyima protini ya kutosha. Kisha liko jambo linalotuhangaisha zaidi: sumukuvu. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu hii, iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Panya ni mwepesi sana kupata saratani ya ini kutokana nayo. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao, usimpe panya.

Kama hupati chakula chao maalumu, changanya kilo 1 hivi: gramu 800 za nafaka nzima (mtama, ulezi, ngano, shayiri, aina mbili au tatu), gramu 100 za soya iliyokaangwa ikaiva, gramu 50 za dagaa wakavu wasio na chumvi, na gramu 50 za mbegu za maboga. Inatoa protini ya asilimia 16 hivi, inayomtosha panya mzima. Mwenye mimba, anayenyonyesha na watoto waongezewe yai la kuchemsha au dagaa. Panya mmoja hula gramu 15 hadi 20 kwa siku. Usijaze bakuli kabla hajamaliza, la sivyo atachagua mbegu za mafuta na kuziacha nafaka. Kila siku ongeza kipande cha sukuma wiki au tango, na mara mbili kwa wiki mfupa wa kuku uliopikwa augugunegugune kwa ajili ya kalsiamu na meno.

Usiwape maharage mabichi, kiazi chenye ukijani, ganda na kokwa ya parachichi, wala soda. Madume wasipewe maganda ya machungwa, mafuta yake huharibu figo za dume.

Kuhusu joto: panya hatoki jasho kama sisi, hupozea mkia na masikio. Ikipita nyuzi 30, jaza chupa maji uigandishe, uifunge kwa taulo, uwawekee waiegemee, na pitisha feni chumbani bila kuielekeza kwao. Mkia ukiwa wa moto, masikio mekundu na mate yanamtoka, mpanguse mkia, masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, kisha umkimbize kwa daktari. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu. Mishipa hujikunja na joto hubaki ndani.

Wanajikuna mpaka vidonda mabegani. Duka la dawa za mifugo limeniuzia ivermectin ya ng'ombe. Nidunge kiasi gani? (Msomaji, Eldoret)

Usidunge. Dawa ni sahihi kwa utitiri na chawa, kipimo ndicho kinachoua. Panya wa gramu 300 akipewa miligramu 0.2 kwa kilo huhitaji miligramu 0.06. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo kipimo chake ni mililita 0.006. Alama ndogo kabisa ya sindano ya kawaida ya insulini ni mililita 0.01. "Tone moja tu" ni mara kadhaa ya kipimo, na panya hufa akitetemeka. Mpeleke akapimwe uzito, daktari aizimue dawa, na arudie baada ya wiki 1 hadi 2 kwa ajili ya mayai yatakayokuwa yameanguliwa. Siku hiyohiyo choma karatasi zote za kizimba na chemsha vitambaa. Wakati ukingoja, kata ncha kali za kucha za miguu ya nyuma, ndizo zinazochana.

Mama mkwe anasema tutapata tauni na homa ya Mgunda. Nimjibuje kwa heshima? (Mama wa watoto wawili, Lindi)

Mama mkwe ana sababu. Homa ya Mgunda iliyowaua watu 3 mkoani kwenu mwaka 2022 ilikuwa leptospirosisi, na bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Tauni nayo iliitesa Lushoto miaka mingi tangu 1980, ikienezwa na viroboto wa panya wa porini na wa mashambani. Mwambie kwamba panya wako wamezaliwa kizimbani na hawajakutana na hao, na kwamba kazi yako ni kuhakikisha hawatakutana kamwe.

Maana yake ni hii: kizimba kiwe juu ya meza, nusu mita kutoka ukutani. Chakula chao kikae kwenye kopo la bati. Matundu ya dari yazibwe kwa wavu wa nusu inchi, na panya wa darini akionekana chumbani humo, safisha kila kitu upya. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuwashika, na wa chini ya miaka 5 asiwashike bila mtu mzima. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Homa, vipele au maumivu ya viungo yakija siku 3 hadi 10 baadaye, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga panya. Wengi huona haya kusema, na homa ya kung'atwa na panya inatibika kwa penisilini ikijulikana.

Jirani ameweka sumu, na panya wangu aliyetoroka usiku nimemkuta akila. Yuko mzima kabisa. (Msomaji, Kigamboni)

Hayuko mzima, bado tu. Sumu nyingi za vipande vya rangi huzuia damu kuganda, na damu huanza kuvuja ndani baada ya siku 3 hadi 5. Panya hana uwezo wa kutapika, basi usihangaike na chumvi wala mafuta. Mpeleke sasa pamoja na pakiti ya sumu, apewe vitamini K1, ambayo huendelea kwa wiki kadhaa. Sumu za unga zisizo na lebo zinazouzwa na wachuuzi mara nyingi ni viuadudu vya kushambulia neva. Hizo huua haraka, na ni hatari vilevile kwa watoto wa jirani. Mwambieni.

Mama yao amekufa. Watoto saba, hawana manyoya, macho yamefumba. (Msomaji, Dodoma)

Tafuta kwanza jike mwingine anayenyonyesha; wengi huwapokea wageni wakichanganywa na watoto wake mpaka harufu ifanane. Asipopatikana, kazi ni yako, na ni ngumu. Wapashe joto kwanza, nyuzi 30 hadi 32, kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Mtoto wa baridi hasagi maziwa. Wape maziwa ya unga ya watoto wa paka, au ya soya ya watoto wachanga, si ya ng'ombe. Chovya brashi mpya ndogo ya kuchorea, walambe wenyewe wakiwa wamelala kifudifudi. Ukimwaga kwa sindano maziwa yataingia mapafuni. Fanya hivyo kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku pia. Utaona maziwa meupe kupitia ngozi ya tumbo. Kila baada ya kula, sugua taratibu chini ya mkia kwa pamba yenye maji vuguvugu ili wakojoe. Hawawezi peke yao. Macho hufunguka karibu na siku ya 14, ndipo uanze uji mzito. Wiki ya 5 isipite kabla hujatenga madume.

Vijana wamenasa panya buku mdogo shambani. Nimeona panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) waliofundishwa kunusa mabomu. Naweza kumfuga huyu? (Msomaji, Mvomero)

Hapana, ndugu. Panya buku ni jamii nyingine, Cricetomys. Hufikia kilo 1 au zaidi, ana mifuko mashavuni, na wale wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa mabomu pale Sokoine, huzoeshwa binadamu tangu wakiwa wachanga na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Magawa, mmoja wao aliyezaliwa huko na kutunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, hakuokotwa shambani. Wa porini huja na viroboto na maradhi yake, na kumfuga mnyamapori kunahitaji kibali. Kama hajaumia, mrudisheni jioni pale pale aliponaswa. Kama ameumia, mpigieni ofisa wa wanyamapori wa wilaya.

Tunahamia Edmonton. Tunaweza kwenda na panya wetu? (Msomaji, Kampala)

Hamwezi. Edmonton iko katika jimbo la Alberta huko Kanada, ambalo linakataza kufuga panya hawa nyumbani, hata mmoja. Watafutieni mlezi wawili wawili, msiwatenganishe, na mumpe mlezi chakula cha wiki mbili na kitambaa chao chenye harufu ya zamani.

Jike wangu wa miezi 18 ana uvimbe kwapani, laini, unahama ukiugusa. Anakula vizuri. Nimwache tu kwa kuwa ni mzee? (Dada yenu, London)

Usimwache, dada. Tishu ya matiti ya panya huenea kutoka shingoni hadi kinenani, hivyo uvimbe wa kwapani kwa jike kwa kawaida ni wa titi, na mwingi si saratani inayosambaa. Lakini hukua haraka mpaka humburuza chini. Ukiwa kama harage ni upasuaji mdogo. Ukiwa kama limau ngozi imeshapasuka na damu itakayopotea ni nyingi. Pima upana wake leo, upime tena baada ya siku 7, umpelekee daktari vipimo vyote viwili.

Ukipewa siku ya upasuaji, usimnyime chakula usiku wa kuamkia. Panya hatapiki, na kufunga humshusha sukari. Nenda na tango na chakula chake ale mara tu anapoamka. Akirudi, mlaze na mwenzake mpole kwenye kizimba kisicho na dari za kupanda kwa siku 5, juu ya vitambaa vyeupe ili uone damu mapema. Uliza kuhusu dawa ya maumivu ya siku 3 za kwanza kabla hujaondoka kliniki. Panya anayeumwa huanza kung'ata nyuzi za mshono usiku wa kwanza, saa ambayo wewe umelala.